Siku mbili mkononi: Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja?

Mtu mwenye Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni akiuliza aende wapi, majibu mengi huanza na bahari: ipi nyeupe zaidi, ipi ya buluu zaidi. Kwa safari fupi hilo si la kuanzia. Miji hii miwili ina bahari, ina ngome, ina vichochoro, ina misikiti ya karne nyingi na chakula cha nazi. Kinachoitofautisha kwa mgeni wa siku mbili ni jinsi ilivyokaa. Mji Mkongwe ni mji wa miguu. Ukishuka botini pale Malindi, bandari ya Unguja, karibu kila kitu utakachotaka kukiona kiko ndani ya mwendo wa robo saa hadi nusu saa. Mombasa ni mji wa pande: kisiwa katikati, Nyali na Bamburi kaskazini, Likoni kusini, Changamwe na Miritini magharibi, na kila upande una njia moja au mbili tu za kuuingia na kuutoka.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda Unguja bila mpango hupotea kidogo vichochoroni na siku yake haiharibiki. Anayekwenda Mombasa bila mpango, asubuhi yuko ngomeni, mchana Bamburi, jioni anarudi kisiwani kwa mhogo, kesho anataka Diani, na saa zake nzuri zote zinaishia ndani ya gari. Mombasa inataka upande mmoja kwa nusu siku moja. Ukikubali sharti hilo, inakulipa vizuri.

Saa za njiani

Ukiondoa usingizi, siku mbili zinabaki kama saa 30. Njia ikila 12, umebaki na safari ya siku moja kwa bei ya siku mbili. Anza hapa kabla ya kutazama picha za hoteli.

| Unakotoka | Kwenda Mombasa | Kwenda Mji Mkongwe |
|---|---|---|
| Nairobi | treni, mwendo wa saa 5 hadi 6. Au ndege kama saa moja | ndege kama saa moja na nusu, ongeza foleni ya uhamiaji |
| Dar es Salaam | basi kupitia Tanga na Horohoro, siku nzima | boti kama saa mbili. Au ndege dakika 20 |
| Moshi | gari kupitia Holili, Taveta na Voi, kama nusu siku | ndege. Au siku nzima hadi Dar, kisha boti |

Mstari wa mwisho huwashangaza wengi. Mtu wa Moshi yuko karibu na Mombasa kuliko Dar: barabara ya Taveta hadi Voi ina lami, na umbali wote ni karibu nusu ya ule wa kwenda Dar. Mwenye gari binafsi akumbuke bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mipaka, na kibali cha muda cha gari pale mpakani. Bila hivyo viwili, saa alizookoa anaziacha Holili.

Treni ya Nairobi ina safari za kawaida tatu kwa siku kila upande: ya asubuhi saa 2:00 inayosimama vituo vya kati, ya moja kwa moja saa 9:00 alasiri, na ya usiku saa 4:00. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 za Kenya, na daraja la kwanza 4,500. Kwa wikendi, ile ya usiku wa Ijumaa ndiyo inayokupa siku mbili kamili, ila inafika Miritini mnamo saa 9:30 usiku. Hapo ndipo watu huumia: hoteli haipokei wageni hadi mchana, na dereva wa tuktuk anajua kwamba huna pa kwenda. Panga mapema na mwenye nyumba akupokee alfajiri hata kwa kuongeza kidogo, au kaa kituoni hadi kupambazuke. Stesheni ya Nairobi nayo haiko mjini, iko Syokimau, na mizigo hukaguliwa kwa mashine na mbwa, basi fika saa nzima kabla. Kitambulisho ulichokatia tiketi ndicho hichohicho utakachoonesha.

Upande wa Dar mambo ni mepesi zaidi. Boti ya kwanza ya mwendo kasi huondoka saa 1:00 asubuhi, na kabla ya saa 4:00 umeshakunywa chai Unguja. Nauli ya raia na mkazi ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo mgeni anayeishi Tanzania abebe kibali chake cha ukazi asije akalipishwa kwa dola. Miezi ya Kusi, hasa Juni hadi Agosti, mkondo wa Unguja huchafuka. Wanaotapika ni wale waliokwenda juu mbele kutafuta upepo. Kaa chini, katikati hadi nyuma, tazama upeo wa macho, na dawa ya kichefuchefu uimeze nusu saa kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika imechelewa.

Karatasi: Mtanzania anakwenda Unguja na kitambulisho chake. Mkenya anayekwenda Unguja anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kilichotolewa angalau siku 10 kabla. Siku 10 hizo ndizo zinazoharibu safari za ghafla, maana chanjo ya juzi haihesabiwi. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar pia inawadai wageni wa kigeni bima yake ya safari, dola 44 kwa mtu mzima, inayonunuliwa mtandaoni kabla ya kufika. Soma masharti ya uraia wako kabla ya kulipia ndege. Mtanzania anayeingia Kenya hahitaji ile idhini ya kielektroniki inayodaiwa mataifa mengine, kwa kuwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamesamehewa, lakini pasipoti abebe.

Ndani ya mji kwa miguu

Ukitaka jengo moja la kukaa nalo asubuhi nzima, Fort Jesus ya Mombasa haina mpinzani Unguja. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa 1698, Waingereza wakaigeuza gereza tangu 1895, na UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Yote hayo unayaona kwa macho: mwamba wa matumbawe uliochongwa ukawa sehemu ya ukuta, michoro ya meli ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani, Nyumba ya Waomani juu ya kona mojawapo ya ngome, na ndani ya makumbusho vyombo vilivyotolewa kwenye Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro huohuo.

Mlango hufunguliwa saa 2:00 asubuhi. Ingia saa hiyo. Kufikia saa 5:00 ua wa ndani unakuwa kama tanuri, kwa sababu kuta zinazuia upepo na matumbawe yanarudisha joto. Anza juu ukutani palipo na upepo na mwanga mzuri, kisha shuka vyumbani jua likipanda. Saa mbili zinatosha, mbili na nusu kwa anayesoma maandishi yote. Kiingilio kina ngazi, cha chini kabisa kikiwa cha raia wa Kenya, halafu wa Afrika Mashariki, halafu wengine. Kwa hiyo beba kitambulisho, na simu iwe na salio la M-Pesa, kwani malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na noti mkononi inaweza kukataliwa. Mtembezaji mwenye kitambulisho cha kazi anafaa, mradi mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza: kiasi gani, muda gani, ngome peke yake au pamoja na Mji wa Kale.

Ukitoka langoni ingia Ndia Kuu na uufuate mtaa polepole, ukitazama juu, maana uzuri wa Mji wa Kale wa Mombasa uko kwenye roshani za mbao. Pita ngazi za Leven, bandari ya majahazi, na Msikiti wa Mandhry, wa karne ya 16, wenye mnara wake mfupi mnene. Kisha kata kuelekea Marikiti na mtaa wa Biashara. Ni kama kilomita mbili kwa jumla. Anayetafuta leso, yaani kanga, afike Biashara kabla ya adhuhuri, na asinunue kwa rangi tu. Kunjua leso nzima: pindo liwe limenyooka pande zote nne, jina lisomeke bila wino kutapakaa, na vipande viwili vilingane kabla havijakatwa. Lowesha kidole ukibonyeze kwenye kitambaa. Pamba hunywa maji papo hapo, nailoni huyaacha yakae juu. Hapa Mombasa mtaa mzima unauza leso na bei za jumla ziko karibu. Unguja kanga zipo tele, ila maduka yanayomlenga mtalii ni mengi na bei huanzia juu.

Mji Mkongwe ni habari nyingine. Hakuna jengo moja linaloubeba. Unajibeba wenyewe, mtaa kwa mtaa, na ndivyo UNESCO ilivyouorodhesha mwaka 2000. Mgeni mwenye orodha ya majengo huondoka na malalamiko, hasa kwa kuwa Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultani Barghash ya mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na imekuwa ikijengwa upya. Usipange siku yako kwa kuitegemea. Ngome Kongwe iliyo jirani ni ua mkubwa wenye maduka na jukwaa. Nusu saa inatosha, na aliyetoka Fort Jesus ataiona nyepesi.

Mahali ambapo saa nzima haitoshi ni Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu ya kiwanja hichohicho. Msimamizi wa ujenzi, Askofu Edward Steere, ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa watunzi wa mwanzo wa vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Kuna maonesho ya maandishi na picha kuhusu biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki, vyumba vya chini vyenye dari fupi, na nje sanamu za watu watano shimoni wenye mnyororo shingoni. Soma maonesho kwanza, halafu shuka vyumbani, halafu nenda kwenye sanamu. Wengi hufanya kinyume, wanapiga picha na kuondoka. Watoto wadogo waandaliwe kwa maneno kabla.

Baada ya Mkunazini pita soko la Darajani kukiwa bado asubuhi, samaki wakiwa wapya. Kisha jipoteze kuelekea Hurumzi na Kiponda ukitazama milango: yenye tao juu na misumari ya shaba iliyochongoka ni ya mtindo wa Kihindi, yenye kizingiti cha mraba na maandishi yaliyochongwa ni ya mtindo wa Kiarabu. Ukipotea, teremka kufuata upepo wa bahari. Ramani ya simu huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu na kukuonesha mtaa wa pili.

Bahari ina saa zake

Huku ndiko watu wengi wanakokosea, na kosa ni lilelile kwa miji yote miwili. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili hivi baada yake, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4:00 hadi 5:00 asubuhi na kujaa mnamo saa 10:00 hadi 11:00 jioni. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi imejaa, alasiri imepwa, ingawa tofauti yenyewe ni ndogo.

Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua wikendi. Wikendi ya bamvua inafaa miji hii vizuri sana, maana asubuhi ya kupwa unaitumia mjini na jioni unaingia majini. Mombasa hiyo ina maana ngome na Mji wa Kale asubuhi, Nyali au Bamburi kuanzia saa 9:30. Ukienda Bamburi saa 4:00 asubuhi ya bamvua utakuta mchanga, majani ya bahari, na maji ya magotini yenye viumbe vya miiba mirefu myeusi. Vaa viatu, na kijana anayejitolea kukutembeza miambani mwulize bei kabla hamjaondoka nchi kavu.

Unguja bamvua ina zawadi yake. Maji yakijaa jioni mbele ya Forodhani, vijana wa makachu hukimbia na kuruka kutoka ukutani, wanajipindua hewani na kuangukia maji ya kina. Maji yakiwa mafu jioni, hakuna kina, na mchezo unapoa. Mwenye kutaka kuogelea kweli ajue kuwa ufuko wa Mji Mkongwe wenyewe si wa kuogelea: kuna vyombo, nanga na maji ya mji. Ufuko wa kuaminika ni Nungwi na Kendwa, kaskazini kabisa, ambako kupwa hakuyaondoi maji mbali, lakini ni zaidi ya saa moja kwa gari kila upande. Paje na Jambiani, mashariki, wakati wa bamvua bahari hurudi nyuma kilomita nzima na zaidi. Inapendeza kutembea huko na kuwaona akina mama wakishughulikia mwani, ila aliyekwenda na taulo atarudi na taulo kavu.

Kwa siku mbili, basi, upande wa kuoga unakwenda Mombasa. Kutoka ngomeni hadi mchanga wa Nyali ni safari fupi ukiliepuka daraja saa za watu kutoka kazini.

Chakula

Mombasa ule asubuhi na jioni, Unguja ule mchana. Mombasa alfajiri ni mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na kufikia saa 4:00 yaliyo mazuri yameisha. Alasiri ni viazi karai: kiazi kilichochemshwa, kikavikwa unga wa dengu au ngano wenye rangi ya manjano na kukaangwa, kikaliwa na ukwaju na pilipili. Mnunulie anayekaanga mbele yako, kwa sababu kikikaa ganda linakuwa raba. Jioni nenda Mama Ngina, pale wenyeji wanapopaita Laitihausi, pazuri zaidi tangu paliporekebishwa 2019. Mhogo wa mkaa hupasuliwa katikati, hukamuliwa ndimu, hupakwa pilipili na chumvi, na meli za Kilindini zinapita karibu hadi unasoma majina yake. Hakuna kiingilio. Usiku Mji wa Kale kuna mishkaki, kahawa chungu na haluwa. Mabuyu nunua, lakini usimpe mtoto mwenye nguo nyeupe.

Unguja mfalme wa mchana ni urojo. Bakuli zuri lina mchuzi mwepesi wa manjano wenye uchachu wa embe bichi au ndimu, vipande vya kiazi, bajia, kachori, mshkaki mmoja wa nyama, yai, chatne ya nazi, pilipili pembeni, na chipsi nyembamba za mhogo zinazomwagwa juu dakika ya mwisho. Kipimo ni mchuzi: ukiwa mzito kama uji umewekwa unga mwingi au umelala. Onja uchachu kwanza, ndipo uongeze pilipili. Mkate wa kumimina, ambao Mombasa huuita mkate wa sinia, ujaribu kote kuwili, kwani unga wa mchele ni uleule na mkono ni tofauti.

Forodhani usiku ni mahali pa kutazama na kunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kwa kula, tahadhari. Samaki na pweza waliopangwa juu ya meza wamekaa kwenye joto tangu machweo, wapishi huongeza vipande sahanini bila kuulizwa, na hesabu huja mwishoni. Taja idadi, uliza jumla, kisha kubali. Kinachotengenezwa mbele yako kuanzia mwanzo, kama ile chapati ya mayai na nyama wanayoiita piza ya Zanzibar, ni salama kuliko mshkaki unaopashwa mara ya tatu.

Nusu siku nje ya mji

Mombasa nusu siku hii ni ya kaskazini. Haller Park ya Bamburi ilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje pale ambapo hata nyasi hazikuota, majani yake magumu yakavunjwavunjwa na majongoo hadi yakawa udongo, na leo ni msitu wenye twiga, viboko na kobe wakubwa. Twiga hulishwa saa 5:00 asubuhi na saa 9:00 alasiri. Fika dakika 20 kabla. Mbele zaidi, Mtwapa, kuna Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15 yaliyoko kando ya bahari, msikiti ukitazamana na mawimbi. Ni patulivu, watu ni wachache, na kwa mpenda historia panaishinda Bamburi. Beba maji na dawa ya mbu. Diani iache: kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu na kuvuka kwenyewe ni dakika chache, lakini foleni na kilomita zinazofuata zitakula nusu siku nzima.

Unguja chagua kimoja kati ya vitatu. Changuu, kisiwa cha magereza, ni kama nusu saa kwa mashua. Kuna kobe wakubwa waliotoka Shelisheli na jengo la gereza la miaka ya 1890 lililoishia kuwa karantini. Nenda asubuhi kabla ya upepo. Mashua hukodiwa nzima, kwa hiyo bei unayotajiwa uliza kama ni ya mashua au ya kichwa, na kama kiingilio cha kisiwani kimo. Bila makoti ya kuokolea, usipande. Kupwa kukiwa kwa chini utashukia majini hadi mapajani, hivyo simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Shamba la viungo, upande wa Kizimbani na Kidichi, ni saa mbili hadi tatu pamoja na njia. Wanaoijua karafuu jikoni tu hufurahi kuiona mtini, lakini mwisho wa ziara kuna meza ya kuuzia na bei yake ni ya watalii. Viungo nunua Darajani, uvivunje na kuvinusa. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta.

Jozani ni kilomita 35 hivi kusini mashariki, kuna kima punju, ambaye hapatikani kwingine ila Zanzibar. Daladala namba 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi hupita langoni kwa nauli ndogo. Shida ni kurudi alasiri, gari zikija zimejaa. Kaa mita tatu kutoka kwa kima na usimpe kitu. Kwa asubuhi moja tu, Changuu ina faida kwa sababu unaondokea ulipolala.

Mambo madogo yanayogharimu

Unguja watakufuata papasi, vijana wanaotafutia wageni hoteli na safari. Wengi si wabaya, ila malipo yao huingizwa kwenye bei yako. "Ahsante ndugu yangu, nina mwenyeji" hutosha, ikisemwa mara moja, kwa upole, bila kusimama. Teksi haifiki mlangoni kwa hoteli nyingi za ndani, kwa hiyo begi la mgongoni linashinda sanduku la magurudumu. Ukikata chumba uliza mambo matatu: ghorofa ya ngapi, jenereta ipo au haipo, na kama kodi za kila kichwa kwa usiku zimo kwenye bei. Toa fedha taslimu mjini kabla ya kwenda mashamba, maana mashine za benki huko ni chache. Pikipiki ya kukodi inataka kibali chake cha udereva, na askari barabarani hukiulizia.

Mombasa tuktuk haina mita, patana kabla. Mizigo usiifunge kwa mfuko wa plastiki, kwani Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017. Lala kisiwani ukija kwa historia, Nyali ukija na watoto wa kuoga, na usijaribu kugawa usiku mbili kwenye vitanda viwili.

Masika, Machi mwishoni hadi Mei, mvua ya Mji Mkongwe hugeuza vichochoro mifereji, na mashua za Changuu huahirishwa. Mombasa nayo hufurika barabara, lakini ngome na makumbusho yake hubaki. Kwa wikendi ya Aprili, ni Mombasa. Ramadhani mchana Unguja migahawa mingi hufunga na kula hadharani ni kumvunjia mwenyeji heshima; Mji wa Kale wa Mombasa ni vivyo hivyo, ila nje ya mtaa huo chakula kipo. Ukiwa umefunga, miji yote miwili ni mitamu kuanzia magharibi. Mabega na magoti yafunikwe mitaani misimu yote, leso moja begani inatosha.

Kwa hiyo: wazazi wenye watoto chini ya miaka kumi, Mombasa, kwa ajili ya maji ya jioni na twiga wa Bamburi. Wawili wasio na watoto wanaopenda kutembea, Mji Mkongwe, hata wakitoka Nairobi, mradi chanjo na karatasi ziko tayari. Mzee mwenye magoti mabaya aende Mombasa, kwa kuwa tuktuk inamfikisha langoni, wakati ngazi za nyumba za Unguja ni ndefu na zimesimama. Mtu wa Dar mwenye usiku mmoja tu asifikirie mara mbili, apande boti.

Na siku ya kurudi ihesabiwe kinyumenyume. Boti ya mwisho kutoka Unguja huondoka mnamo saa 9:45 alasiri, kwa hiyo saa 8:30 uwe bandarini na chakula cha mchana kiwe saa 6:00. Treni ya saa 9:00 alasiri ya Mombasa inataka uwe Miritini saa 8:00, na kutoka kisiwani weka saa nzima, kwani malori ya bandari hujaza barabara ya Changamwe bila kujali kwamba ni Jumapili.